Majoho Arobaini ya Mahameli

Fundi alikuwa mtu wa kujiandaa. Kanisani kwake hakuna asiyejua kwamba alikuwa na gauni lake la kuzikiwa, jeupe, la mikono mirefu, ambalo alilishona mwenyewe miaka tisa iliyopita na kulihifadhi sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Walijua pia, maana siri za akina mama wa kwaya hazina kifuniko, kwamba gauni hilo lilikwishapanuliwa mara mbili, kwa sababu kifo kilichelewa na kiuno hakikusubiri. Walipomcheka, alicheka nao.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Siku yangu ikifika hakuna atakayehangaika kunitafutia nguo. Ninyi mtazikwa na mapazia."

Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Kila Jumatano aliwafundisha wenzake jambo moja kwa maneno tofauti: Mkristo hashtukizwi. Ugonjwa ukija umkute amepiga magoti, msiba ukija umkute ameshika Neno, na Bwana mwenyewe akija amkute amevaa viatu. Alifundisha vizuri, na tuseme ukweli, alijipenda kidogo alipokuwa anafundisha.

Kwa hiyo daktari wa macho alipomweleza habari zake, Jumatatu asubuhi, hakulia. Jicho la kushoto lilikwishazimika mwaka juzi, polepole, bila maumivu, presha ya macho ikilila kimyakimya kama mchwa alavyo nguzo. Sasa ilikuwa zamu ya la kulia.

"Tukiliacha hivi, mwaka hauishi," daktari alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. "Nikilipasua, huenda ukabaki na mwanga ulio nao sasa. Nasema huenda. Macho yaliyochoka kama hili mengine huzimika palepale mezani, na hakuna anayejua mapema ni yapi."

"Nusu kwa nusu?"

"Siwezi kukupa hesabu, mama. Nikikupa nitakuwa nakudanganya."

Fundi alimpenda kwa jibu hilo. Akapangiwa Jumanne ya wiki iliyofuata, akarudi dukani kwake moja kwa moja. Tahadhari kabla ya hatari, na siku nane si haba kwa mtu anayejua kuzitumia.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na rafu ukuta mzima. Siku tatu za kwanza alilipanga upya lote kwa ajili ya mtu asiyeona. Vifungo aliviweka makoponi kwa ukubwa, kila kopo na alama yake ya msumari kwenye mfuniko. Kila gurudumu la uzi alilifungia kamba yenye mafundo: fundo moja kwa uzi mweusi, mawili kwa mweupe, matatu kwa wa bluu. Mchana alijifunga kitambaa usoni, akajifundisha kutia uzi kwenye sindano kwa ulimi na ncha ya kidole, huku wateja wakimtazama wasijue wacheke au wamwonee huruma. Kuvunjika kwa koleo, aliwaambia, si mwisho wa uhunzi.

Na roho nayo aliipanga hivyo hivyo. Alichagua zaburi saba, akazikariri akikanyaga cherehani, mstari kwa mshono, ili giza likija limkute ameshabeba taa ndani. Kufika Alhamisi alikuwa na tano kamili na ya sita nusu. Alijisikia kama mtu aliyefunga mizigo yote na sasa anasubiri gari tu.

Rafu ilikuwa imebaki moja, ya chini kabisa, nyuma ya mlango. Pale palikuwa na mfuko mmoja wa gunia, umefungwa kwa uzi mnene. Ulikuwa umekaa pale miaka sita bila kuguswa, na Fundi alijua fika ndani yake kuna nini: mabaki ya mahameli ya zambarau, ya yale majoho ya kwaya.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Fundi alikuwa na mdogo wake wa kike, wa mwisho kwao, mwembamba tangu kuzaliwa, ndiyo maana watu wote walimwita Uzi. Wazazi wao walipofariki, Fundi ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha mkasi. Wakafanya kazi meza moja miaka kumi na minne: mkubwa akipima, akichora na kukunja, mdogo akikata. Kisha kanisa likawaletea kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata, majoho arobaini ya mahameli, ya kuvaliwa siku ya kuzindua jengo jipya.

Sasa mahameli ni kitambaa chenye manyoya. Ukipapasa kuelekea yalikolala, mkono unateleza. Ukirudi kinyume, unakwama. Na mwangaza nao unaona tofauti hiyo: manyoya yakitazama chini nguo inang'aa, yakitazama juu inakuwa nzito, karibu na weusi. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi hakunji mahameli ncha juu ya ncha akakata matabaka mawili kwa mpigo. Kwanza anakata kwenye kunjo, anageuza tabaka la juu ili manyoya yote yaelekee upande mmoja, ndipo anabana pini na kuanza.

Siku ya uzinduzi kwaya ilisimama chini ya taa mpya, na kanisa zima likaguna. Ishirini walikuwa wanang'aa, ishirini weusi. Ungedhani ni kwaya mbili zilizogombana. Mgeni rasmi aliuliza kama kuna msiba upande mmoja. Fundi, aliyekuwa amekaa mbele na kilemba chake kipya cha gele kichwani, alisikia uso ukiwaka. Wakati wa matangazo alisimama bila kuombwa, akasema mbele ya watu mia nne: "Majoho hayakukatwa na mimi. Aliyekata hakutazama anachokata."

Ulimi hauna mfupa. Kila mtu alijua aliyekata ni nani. Uzi alitoka nje, na tangu Jumapili hiyo hakurudi kanisani wala dukani. Mwalimu wa kwaya, mtu mwerevu, aliwapanga weusi nyuma na wang'aao mbele, na baada ya mwaka wageni wakawa wanausifu mpango huo. Uzi hakuna aliyempanga popote.

Alhamisi hiyo basi, Fundi alikuwa bado amejifunga kitambaa usoni alipouvuta mfuko. Alikusudia kuyatenga mabaki makubwa na madogo kwa kupapasa tu, kama alivyokuwa amefanya kwa vitambaa vingine vyote. Alikata uzi, akatia mkono. Cha kwanza kukutana nacho kilikuwa kipande kirefu, kizito, kilichokunjwa mara mbili. Kidole kikagusa kichwa cha pini, kisha cha pili, kisha cha tatu, mstari mzima, vyote vimeelekea kushoto.

Mkono ukasimama. Fundi alitumia mkono wa kushoto. Uzi alitumia wa kulia. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyebana pini hivyo kwenye meza ile.

Alipapasa tabaka la juu kuelekea ukingoni, mkono ukateleza. Akapapasa la chini kuelekea upande huohuo, mkono ukakwama. Akafuata kitambaa hadi kwenye kunjo, taratibu, akiomba akute makali ya mkasi. Kunjo lilikuwa zima. Halikuwahi kukatwa.

Alivua kitambaa usoni akatazama kwa jicho alilobakiwa nalo, ingawa hapakuwa na haja. Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Sasa alikumbuka jioni ile ya haraka, umeme ukikatika na kurudi, yeye akikunja na kubana na kusema, "Haya, kata, hapa pako tayari." Uzi alikuwa amekata alichopewa.

Na lililomkalisha chini sakafuni halikuwa kosa la kukunja. Fundi yeyote hukosea kukunja. Ni kwamba Uzi alimfuata siku ile ile, uani mwa kanisa, akamshika gauni akamwomba waende dukani wafungue mfuko, watazame. Yeye akamwambia, "Sina la kutazama." Miaka sita alipita mbele ya mfuko huo kila siku, akiwa na macho, na hakuufungua. Sasa je, alikuwa hajui, au alikuwa anaogopa kujua? Akiwa pale sakafuni alijaribu kuianza zaburi ya kwanza, ile aliyoijua kuliko zote, na haikutoka. Maneno yalikuwepo, ila hayakukubali kumtoka mdomoni. Akajiona alivyo: mwanamke aliyepanga vifungo vyote vya duka lake na kumwacha ndugu yake nje.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mchungaji akamweleza yote. Mchungaji alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulikuwa udhaifu wake.

"Mungu amekwisha kukusamehe, mama," alisema. "Usijitese, una upasuaji mbele yako. Ukipona utamtafuta mdogo wako mtaongea taratibu."

"Na nisipopona?"

"Mungu anajua moyo wako."

"Anaujua, ndiyo maana sina raha." Fundi aliinuka. "Baba mchungaji, nisamehe, lakini unanionyesha mlango wa nyuma. Nilimwaibisha kwenye matangazo. Jumapili nipe dakika tatu za matangazo."

Mchungaji alimkumbusha kwamba yeye ni mwenyekiti, na kwamba watu wana midomo. Fundi akasema midomo anaijua, wa kwake ndio uliomfikisha hapo.

Kutoka pale alipiga moyo konde, akaenda kwenye nyumba ya wageni ambako Uzi alifanya kazi. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma, chini ya ngazi, kimejaa mvuke na harufu ya sabuni. Uzi alikuwa kwenye meza ndefu akipiga pasi mashuka, mgongo umenyooka, nywele zimeanza mvi. Alimwona dada yake mlangoni, akamaliza shuka alilokuwa nalo, akalikunja kwa nne.

"Umenenepa," alisema.

"Nimenenepa."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimefungua mfuko."

Uzi hakuuliza mfuko gani. Alisimamisha pasi, akaizima. Maji yalichuruzika kwenye mfereji wa sakafu.

"Lini?"

"Jana."

"Miaka sita, Dada. Nilikushika gauni nikakuomba. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nilisema sina la kutazama."

"Ulisema pia mikono yangu haina macho. Kwamba umepoteza muda kunifundisha."

Hilo Fundi alikuwa amelisahau kabisa. Anayetukana husahau, anayetukanwa ndiye hutunza. Alitaka kuketi lakini hapakuwa na kiti, na aliona ni haki asimame.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikunja mimi. Pini nilibana mimi. Nilipoona nimeaibika nikakutupia wewe lawama, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu na nilijua hutanirudishia. Halafu nikakataa kutazama, na hilo ndilo baya zaidi. Naomba unisamehe, mdogo wangu."

"Na kwa nini uje leo?"

"Jumanne wananipasua jicho. Huenda nisione tena."

Uzi alicheka, kicheko kikavu. "Ahaa. Kwa hiyo nikusamehe ili ukalale vizuri kitandani. Hata kutubu kwako ni kujiandaa, kama lile gauni la sandukuni."

Maneno yalimchoma kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Fundi hakuyakwepa. "Hilo limo," alisema. "Sitakudanganya kwamba halimo. Hofu ndiyo iliyonifanya nipange rafu, na rafu ndizo zilizonifikisha kwenye mfuko. Lakini Jumapili nitasimama mahali palepale nilipokutukana, niseme ukweli. Unisamehe, usinisamehe, nitasema. Sikuja kubadilishana."

"Sema. Mimi sitakuja."

"Sijakuomba uje."

"Na hospitali usinitegemee."

"Sikutegemei."

Uzi aliwasha pasi. "Nina mashuka sitini," alisema, akageuka. Fundi akatoka. Alilia njia nzima, waziwazi, machozi yakitoka macho yote mawili, zima na lililozimika, na waliomwona wakamwona.

Jumapili alisimama. Hakuvaa gele. Kwaya ilikuwa imekaa nyuma yake, weusi nyuma, wang'aao mbele, na yeye alikuwa ameshika kile kipande cha mahameli, bado kimekunjwa, bado kina pini. Alieleza jinsi kinavyokatwa, na kwamba aliyekosea ni yeye, na kwamba mdogo wake alimwomba atazame akakataa. Alitaja hata lile neno la mikono isiyo na macho. Alisema, "Nimewafundisha kila Jumatano kukaa tayari, na mimi mwenyewe sikuwa tayari. Nilikuwa nimepanga vitu tu." Aliangalia viti vyote kwa jicho lake moja. Uzi hakuwepo.

Hakuna aliyesema amina. Mzee mmoja alikohoa. Baada ya ibada baadhi ya akina mama walimkumbatia, wengine walipita pembeni wakitazama viatu vyao, na katibu wa umoja alisikika akisema kwamba mambo ya namna hii yana utaratibu wake. Fundi alimrudishia katibu muhuri na daftari la umoja siku hiyo hiyo, kabla hajaombwa. Alirudi nyumbani bila cheo, bila ndugu, na bila uhakika wa jicho. Ajabu ni kwamba alikula akashiba. Jumatatu hakukariri kitu. Alikaa kwenye cherehani yake akamaliza sketi mbili za wateja, na sala aliyosali ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kusali: "Bwana, sina ninachokuficha tena. Nikiona, sawa. Nisipoona, nishike mkono."

Jumanne saa mbili asubuhi alikuwa hospitali, amevaa gauni la kijani lililofungwa kwa kamba mgongoni, lenye pindo baya mno. Muuguzi mmoja mnene, mchangamfu, alimkalisha kwenye benchi akaanza kujaza fomu. Umri. Dawa anazotumia. Kama amekula.

"Mtu wako wa karibu? Wa kupigiwa kukitokea lolote."

Fundi alikuwa amejua swali hili litakuja. Mchungaji alikwishamruhusu amwandike yeye, na ingekuwa rahisi.

"Mdogo wangu," alisema, akaitaja namba kwa kichwa, tarakimu moja moja.

"Anajua unamwandika?"

"Hajui. Nilimkosea, na hajanisamehe. Lakini ndiye mtu wangu wa karibu, sina mwingine, na siwezi kuandika uongo siku ya leo. Mpigie. Akikataa, andika kwamba sina mtu, wala usimlaumu."

Muuguzi alimtazama kidogo, akatoa simu, akapiga palepale. Fundi aliweka mikono mapajani. Aliomba nguvu ya kusikia hapana. Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: ndiyo, ndiyo, yupo hapa, hapana, bado, sawa, sawa, dada yangu. Kisha simu ikarudi mfukoni na kalamu ikaanza kuandika tena.

"Amesemaje?"

"Ameuliza ni jicho lipi. Nimemwambia la kulia."

"Basi?"

"Ameuliza tunawaruhusu saa ngapi. Nimemwambia saa nane, na kwamba utahitaji mtu wa kukushika mkono. Akauliza geti lipi." Muuguzi aligeuza ukurasa. "Halafu akasema nikwambie usiongee daktari akishika kisu. Anasema huwezi kukaa kimya dakika mbili, na kwa ajili ya mdomo wako utajiharibia jicho."

Fundi aliinama, akafunika uso. Muuguzi akaona mabega yake yanatetemeka, akadhani ni hofu, akamletea kiti cha magurudumu. Fundi alikikataa kwa mkono. Alijifuta uso kwa kiwiko, akasimama, akashika kamba za lile gauni nyuma yake zisifunguke, akaingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe.

Ndani kulikuwa na baridi na taa moja kubwa. Daktari, uso umezibwa hadi machoni, alimsaidia kupanda mezani.

"Mama, nitakuchoma sindano ya ganzi, utakuwa macho muda wote," alisema. "Uko tayari?"

Kwa swali hilo Fundi alikuwa na majibu ya Jumatano nyingi, marefu na mazuri. Aliitikia kwa kichwa tu, kama alivyoagizwa, akalala chali na kulifungua jicho lake.